Pale Kazi Inapokoma

Juu ya mji wa Tete, kwenye mto Zambezi, kuna korongo lenye jina linalojieleza lenyewe. Livingstone aliliandika Kebrabasa, Wareno wanaliandika Cahora Bassa, na maana inayotolewa ni moja: kazi imekwisha. Kishona, lugha jirani, nacho huita kazi basa. Mtumbwi ukifika hapo hauendi tena. Mizigo inapakuliwa, inapanda vichwani, na wapiga kasia hawana la kufanya zaidi ya kukaa chini.

Kwa safari iliyoanza mwaka 1858, serikali ya Uingereza ilitoa pauni 5,000 ili David Livingstone apitishe meli ya mvuke mahali hapo.

Wengi wetu tunamjua Livingstone wa Ujiji, mzee mgonjwa aliyekutwa na Stanley, au yule wa kwanza aliyevuka bara kwa miguu. Safari yake ya katikati, ya mwaka 1858 hadi 1864, huwa inarukwa kwenye vitabu vya shule. Kati ya zote tatu, hiyo ndiyo iliyokuwa na fedha za serikali, meli, wataalamu na cheo cha konsuli, na ndiyo iliyoharibika kuliko zote. Ukiifuatilia hatua kwa hatua unaona haikuharibiwa na simba wala mishale. Iliharibiwa na kina cha maji, unene wa bati, na kipande kimoja cha mto ambacho mkubwa wa msafara hakukipita.

Kipande hicho alikiruka mwaka 1856. Alikuwa anateremka kutoka ndani ya bara, akifuatana na Wakololo zaidi ya mia, watu wa Zambezi ya juu, waliompa ulinzi na chakula. Alipopita Zumbo aliuacha mto, akachukua njia ya mkato nchi kavu upande wa kusini, akaukuta tena Tete. Mkato ule uliwaokolea siku kadhaa za vilima na joto. Aliposikia kwamba huko katikati kuna maporomoko, aliyachukulia kuwa ni kitu kidogo. Akawaacha Wakololo Tete akiahidi kurudi kuwachukua, akaenda Quelimane, bandari ya pwani, akapanda meli kwenda kwao, na huko akatangaza kwamba Zambezi ni barabara kuu ya kuingia katikati ya Afrika: dini ipande, pamba ishuke, na biashara ya watumwa ife kwa kukosa wateja.

Kifaa cha kuuliza swali la mteremko kilikuwapo siku zile, tena cha bei ndogo: kipimajoto ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi moja ya Selsiasi. Ukipima juu ya korongo na chini yake, tofauti itakwambia mto umeanguka kiasi gani. Livingstone alikitumia kifaa hicho mahali pengi. Lakini mtu akishaipenda njia, huipima akiwa ameshakata shauri.

Msafara uliondoka Liverpool tarehe 10 Machi 1858 kwa meli iliyoitwa Pearl. Walikuwemo Kamanda Norman Bedingfeld wa jeshi la majini, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk (ndiye huyu Kirk aliyekuja kuwa konsuli Zanzibar enzi za Sayyid Barghash), Richard Thornton wa mambo ya miamba, mchoraji Thomas Baines aliyekuwa pia mtunza stoo, fundi mitambo George Rae, na Charles, mdogo wake Livingstone. Mpango kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Pearl ingeingia mtoni, ipite upesi kwenye delta yenye homa, iwafikishe Tete pamoja na shehena yote, kisha igeuze. Kutoka Tete wangeendelea kwa meli ndogo.

Walifika mdomoni mwa Zambezi mwezi Mei. Mto ule hufurika kuanzia katikati ya masika ya huko, kilele kikiwa kati ya Februari na Aprili, kwa hiyo Mei maji yanashuka kila wiki. Waliingia kwanza mdomo usio wenyewe, wakahangaika kwenye matope na mikoko, ndipo wakaupata Kongone. Hapo ikaonekana kwamba Pearl ilihitaji kina ambacho mto haukuwa nacho. Hesabu nzima ikaanguka ndani ya wiki chache. Ikabidi shehena ishushwe kwenye kisiwa, palepale kwenye homa walikotaka kukukimbia, na meli ndogo ianze kuipeleka mbele kidogo kidogo, kwenda na kurudi.

Meli hiyo ndogo waliiita Ma Robert. Ni jina ambalo halihitaji maelezo kwetu: mke wa Livingstone alikuwa akiitwa mama Robert, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa na urefu wa futi 75 na upana wa futi 8, imetengenezwa Birkenhead kwa vipande vitatu vya kuunganishwa kwa bolti. Mwenye karakana, John Laird, alitumia aina mpya ya chuma cha pua, akaikata kwa unene wa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu. Nia ilikuwa wepesi, maana chombo chepesi huelea juu na hupita kwenye maji machache. Chukua bati la pipa la mafuta ukalifikirie kama ubavu wa meli ya kwenda mwaka mzima mtoni, likikwaruzwa na mchanga kila siku, na hutakuwa mbali na ukweli.

Bati lilianza kutoboka. Kwanza kitundu kama cha sindano, kisha mistari ya kutu ikitoka pembeni kama miale ya nyota, kisha kipande kinabonyea. Wakaziba kwa udongo, turubai na rangi. Ukiziba upande mmoja, upande mwingine unafunguka, kwa sababu tatizo halikuwa tundu bali unene wenyewe: kutu ambayo ubao mzito wa chuma ungeivumilia kwa miaka, hapa ilikuwa imeshafika ng'ambo.

Na kuni je? Jiko lake lilikuwa baya, likachukua zaidi ya saa nne kuamsha mvuke wa kutosha kusogea. Siku moja ya kwenda ilitaka siku moja na nusu ya kukata kuni. Kuni zilizowaka vizuri zaidi zilikuwa za miti migumu kupita yote, ikiwa ni pamoja na mpingo. Fundi Rae alilalamika kwamba roho inamuuma kutia tanurini mti wa thamani namna ile, na yeyote aliyewahi kuona bei ya gogo la mpingo atamwelewa. Mpingo kwanza unapinda shoka, ndipo unaungua. Mitumbwi ya wenyeji iliyosheheni mizigo iliipita Ma Robert ikipanda mto. Watu wa msafara wenyewe wakaibatiza jina jingine: mwenye pumu.

Kwenye hali hiyo watu hugombana, nao wakagombana. Bedingfeld hakukubali ofisa wa majini aamriwe na mtu wa nchi kavu. Akaondoka mapema, na Livingstone akashika usukani mwenyewe, kazi ambayo kusema haki aliimudu. Mwaka 1859 akawafukuza Thornton kwa uvivu na Baines kwa tuhuma za kutapanya mali ya stoo. Baines alikuwa anaugua homa kali kipindi hicho, na hakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya mtu yeyote. Hapo Livingstone hana wa kumtetea.

Walifika Tete Septemba 1858. Wakololo walikuwa bado wanamngoja, ila wachache: kama 30 walikuwa wamekufa kwa ndui, na sita wameuawa. Novemba wakaenda kuliona korongo.

Zambezi, mto ambao kule chini hutanuka hadi jicho linapotea, hapo unabanwa na miamba hadi mfereji wa chini ya mita 60 wakati wa kiangazi. Kingo ni mawe matupu yaliyolundikana, mengine makubwa kama nyumba, yamesuguliwa na maji yakawa yanateleza kama kigae. Jua la Novemba, kabla ya mvua, liliyachoma mawe hayo hadi mkono haukukaa juu yake, na nyayo za Wakololo, watu waliotembea peku maisha yao yote, zikatoka malengelenge. Safari ya kwanza hawakumaliza. Walirudi na kikosi kikubwa zaidi, na walipokaribia kuridhika kwamba wameona yote, mwenyeji mmoja akasema kuna mengine mbele, yaitwayo Morumbwa. Livingstone na Kirk wakaenda peke yao na Wakololo wachache. Wakololo wakamwambia Kirk kwamba siku zote walidhani bwana yule ana moyo, sasa wanaona hana. Huenda amepatwa na wazimu.

Morumbwa ni mto mzima kuanguka futi 30 kwenye mteremko mkali, kati ya kuta mbili za mwamba. Juu ukutani waliona alama ya maji ya masika: futi 80 juu ya maji waliyosimama nayo.

Alama hiyo inasomeka kwa namna mbili. Mpiga kasia angeisoma hivi: maji ya mto mkubwa yakilazimishwa kupita kwenye mlango mwembamba, hupanda kwa sababu hayana pa kwenda, na kasi yake hapo ni ya kuvunja kila kitu. Livingstone aliisoma vingine. Kama maji hupanda futi 80, basi maporomoko ya futi 30 hufunikwa, na meli yenye nguvu inaweza kupita juu yake. Desemba akaandika London kwamba meli imara ingepita mwezi wa Januari au Februari, mto ukijaa, na akaomba apewe nyingine. Miaka miwili baadaye, Novemba 1860, walijaribu kuteremka hapo kwa mitumbwi maji yakiwa bado machache. Mtumbwi wa Kirk ulipigwa na mwamba. Aliokoka, lakini daftari na michoro yake ya mimea ya miezi mingi vilikwenda na maji.

Leo pana bwawa lililokamilika mwaka 1974, ukuta wa mita 171, mitambo ya megawati 2,075. Wahandisi walipapendea sababu ileile iliyomshinda yeye.

Alipokwama Zambezi aligeukia Shire, mto unaoshuka kutoka kaskazini. Januari 1859 Ma Robert ilipanda vizuri, halafu ikafika mwisho: maporomoko mengine, safari hii kilomita 60 hivi mfululizo, mto ukishuka karibu mita 380. Huko nako leo Malawi inafua umeme. Wakaendelea kwa miguu, na Septemba 1859 wakaliona Ziwa Nyasa. Sifa za kuligundua alijitwalia yeye, ingawa Mreno Candido Cardoso alikuwa ameshafika huko miaka ya 1840, na wenye ziwa hawakuwahi kulipoteza.

Ma Robert ilikufa Desemba 1860. Ilipwelewa asubuhi kwenye fungu la mchanga karibu na Sena, maji yakajaa ndani, na mto ulipopanda usiku haukuinyanyua. Hakuna aliyeililia.

Mbadala wake, Pioneer, ulifika Januari 1861. Ilikuwa meli nzuri, imara, yenye injini ya kuaminika, na kosa moja: iliagizwa iwe ya kina cha futi 3, ikaja inayozama futi 5. Futi mbili ni kitu kidogo ukiwa bandarini. Kwenye Shire, ambako mfereji wa maji huhama kila baada ya gharika na ramani ya mwaka jana haikusaidii mwaka huu, futi mbili ni miezi. Chombo kikipwelewa kinatolewa hivi: unapeleka nanga mbele kwa mashua, unaitupa kwenye maji marefu, unarudi, watu wote wanazungusha duara, yaani gurudumu la kuvutia kamba, kamba inakaza, chombo kinajikokota hatua chache juu ya mchanga. Unang'oa nanga, unaanza upya. Huko ndiko walikotumia miezi yao. Kuna fungu moja liliwashika wiki tano.

Kabla ya hapo walijaribu Ruvuma, wakitafuta njia isiyopitia mikononi mwa Wareno. Livingstone alitumaini mto ule unatoka Ziwa Nyasa. Machi 1861 walipanda maili 30 hivi, maji yakaanza kupwa chini yao, wakageuza wasije wakafungiwa mwaka mzima. Mwaka 1862 wakarudi kwa mashua, wakafika mbali zaidi, mpaka mawe. Ruvuma hautoki ziwani kabisa. Chanzo chake ni milima ya Matogoro, pale Songea.

Pioneer haikuwa imebeba watu wa msafara peke yao. Hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857 ilizaa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, na askofu wake, Charles Mackenzie, alikuja akiamini mto uko wazi. Julai 1861 waliweka makazi Magomero. Mahali penyewe palichaguliwa kwa ulinzi: kijito kinapinda na kuzunguka pande tatu, upande wa nne unajengewa boma. Kwa vita ni sawa. Kwa afya, ni kuwarundika watu wengi waliotolewa minyororoni kwenye kitanzi cha ardhi ya chini, yenye kivuli, bila pa kutupia uchafu ila kijitoni. Vidonda na kuhara vikafuata, kisha njaa.

Mackenzie alipaswa kuikuta Pioneer kwenye makutano ya Ruo na Shire Januari mosi 1862. Alichelewa, na alipofika wenyeji wakamwambia meli imepita kuelekea pwani siku chache tu nyuma. Njiani mtumbwi wake ulikuwa umepinduka usiku, na sanduku la dawa likazama na kwinini yote. Akaamua kungoja kisiwani, kwenye mbu, na mwenzake Henry Burrup. Alifariki tarehe 31 Januari. Burrup alimzika, akajikokota hadi Magomero, akafa naye mwezi uliofuata. Siku hizohizo meli ya kivita Gorgon ilikuwa inatia nanga Kongone, ndani yake dada wa Mackenzie na mke wa Burrup. Waliambiwa huko mtoni, baada ya wiki kadhaa.

Neno moja kuhusu dawa. Vidonge vya Livingstone mwenyewe vilikuwa na jalapa, rubarbi, kalomeli yenye zebaki, na kwinini, vikifinyangwa kwa maji ya iliki. Wazo lilikuwa kuharisha kwanza ndipo homa itoke. Kwinini ndiyo iliyofanya kazi. Vingine vilimwongezea mgonjwa udhaifu. Hata hivyo, kwa zama zake, aliyekuwa navyo alikuwa na nafasi kubwa kuliko asiyekuwa navyo. Havikumwokoa mkewe. Mama Robert mwenyewe alikuja na Gorgon, akafariki Shupanga tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Misheni ilihamishiwa Zanzibar mwaka 1864, na ndiko Edward Steere alikokuja kukaa na kuandika Kiswahili.

Gorgon ilileta pia vipande 24 vya meli ya tatu, Lady Nyassa, futi 115, iliyomgharimu Livingstone pauni 6,000 za mfukoni mwake. Lengo: kuipandisha Shire hadi chini ya maporomoko, kuifungua, kuibeba kwa barabara ya maili 40, kuiunga tena juu, na kuitembeza ziwani kuzuia majahazi ya watumwa. Lakini Pioneer haikuweza kubeba vipande vyote na bado ikaelea. Ikabidi Lady Nyassa iungwe Shupanga, mbali na maporomoko, ili ikafunguliwe tena huko mbele. Ilishuka majini Juni 1862, maji yakiwa yameshapwa, ikangoja hadi Januari.

Walipoivuta kupanda Shire mwaka 1863, nchi waliyoiacha haikuwapo. Ukame ulikuwa umeungana na wawindaji wa watumwa, na baadhi ya wawindaji hao walikuwa wamepita njia aliyoifungua yeye, wakijitambulisha kwa wenyeji kuwa watoto wa Livingstone. Kila asubuhi ilibidi maiti zilizonasa kwenye magurudumu ya meli zitolewe kwanza ndipo injini iwashwe. Barabara walianza kuikata, lakini barabara hutaka vibarua, vibarua hutaka chakula, na vijiji vilikuwa vitupu. London nako gazeti la The Times lilikuwa limeshasema kwamba waliahidiwa pamba, sukari na nili, wakaambulia patupu. Barua ya kuwarudisha ilimfikia Julai 1863.

Ikabaki Lady Nyassa, meli ya ziwani isiyokuwa na ziwa. Zanzibar hakupata mnunuzi wa bei nzuri, na hakutaka iangukie kwa wafanya biashara ya watumwa. Tarehe 30 Aprili 1864 aling'oa nanga kuelekea Bombay, maili 2,500 za bahari kuu, na chombo cha mtoni, tani 14 za makaa, Wazungu watatu, watu saba wa Zambezi ambao hawakuwahi kuendesha chombo baharini, na wavulana wawili, Chuma na Wikatani. Nahodha alikuwa yeye. Alitegemea kusi imsukume. Upepo ukafa siku nyingi, na makaa hayakutosha kuufidia. Walichukua siku 45. Waliingia Bombay tarehe 13 Juni, chombo kidogo mno katikati ya meli kubwa, na bandarini hakuna aliyegeuza shingo. Mwaka uliofuata aliiuza kwa pauni 2,300. Fedha akaziweka benki hukohuko India, na benki ikafilisika.